Kusakinisha Si Kusanidi: Kupanga Upya Programu kwa Amri ya dpkg-reconfigure

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:

(a) kutofautisha kusakinisha, kusanidi na kusanidi upya programu;
(b) kueleza jinsi amri ya `dpkg-reconfigure` inavyofanya kazi;
(c) kutumia amri hiyo kurekebisha ukanda wa saa, kibodi na lugha ya kompyuta;
(d) kuitofautisha na amri ya `dpkg --configure -a`;
(e) kueleza kwa nini kuficha dalili ya kosa si sawa na kuondoa kosa lenyewe.

Karatasi ya mtihani wa somo la Kompyuta utaijibu kwa Kiingereza. Hata hivyo, jambo ulilolielewa kwa lugha yako halikupotei chumbani mwa mtihani. Soma kwanza uelewe, kisha fanya mazoezi kwenye kompyuta kama shule yenu inayo.

1. Kisa cha kuanzia

Muhula mmoja, katika maabara ya kompyuta ya shule moja hapa Mpanda, mwanafunzi wa kidato cha nne alipata alama 71 katika jaribio. Mwalimu aliyeingiza alama aligeuza tarakimu, akaandika 17. Alifanya hivyo saa 4:15 asubuhi kwenye kompyuta tuiite A, kisha akatuma faili kwenye kompyuta kuu ya maabara kupitia waya wa mtandao.

Saa 5:30 asubuhi niliona kosa. Nilikaa kwenye kompyuta B, nikaandika 71, nikahifadhi, nikatuma faili kwenye kompyuta kuu. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Jioni orodha ilichapishwa na kubandikwa ubaoni. Kesho yake kijana yule alikuja mlangoni na karatasi yake ya jaribio mkononi. Kwenye karatasi palikuwa 71, ubaoni palikuwa 17.

Nilidhani nimesahau kuhifadhi. Nilirudia kazi ileile na kompyuta kuu ikabaki na 17. Kila kompyuta ilionyesha saa sahihi, waya ulikuwa mzima, na programu zote zilikuwa zimesakinishwa. Kosa lilikuwa wapi?

Usiruke kwenda kwenye jibu. Tutalifikia katika sehemu ya 6, na ukiwa umesoma vizuri utalipata mwenyewe kabla yangu.

2. Maneno ya kufahamu

| Neno | Maana |
|---|---|
| Kifurushi | Programu pamoja na faili zake zote, zikiwa zimefungwa tayari kwa kusakinishwa |
| Kusakinisha | Kuweka faili za programu ndani ya kompyuta |
| Kusanidi | Kuiambia programu ifanye kazi vipi mahali ilipo: saa ipi, lugha ipi, kibodi ipi |
| Kusanidi upya | Kubadili majibu uliyoyatoa mwanzo bila kuondoa programu na kuirudisha |
| Mstari wa amri | Mahali pa kuandika amri kwa maneno badala ya kubonyeza picha |
| Mtumiaji mkuu | Mwenye mamlaka yote katika mfumo. Jina lake ni `root` |

Mfano wa nyumbani utakusaidia. Ukinunua redio sokoni ukaiweka mezani na kuiunganisha na umeme, umeisakinisha. Ukitafuta masafa ya kituo unachokisikiliza hapa Mpanda, umeisanidi. Mtu akihamia Sumbawanga na redio yake hainunui upya. Anatafuta masafa tu. Huko ndiko kusanidi upya.

3. Historia kwa ufupi

Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Watu wawili wanaotajwa zaidi ni Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux, chenye tabia za Unix na kinachogawiwa bure. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo kamili uliojengwa juu ya Linux. Mwaka 2004 ulitoka Ubuntu, ambao umejengwa juu ya Debian. Jina hilo ni neno la Kibantu la kusini mwa Afrika, na Mswahili halimpi shida: ni ndugu wa neno letu *utu*.

Debian na Ubuntu hutumia aina moja ya vifurushi, vyenye majina yanayoishia na `.deb`. Programu inayovishughulikia inaitwa `dpkg`. Amri ya somo letu, `dpkg-reconfigure`, hufanya kazi katika mifumo ya familia hii. Usiitafute kwenye Windows.

4. Amri inavyofanya kazi

Vifurushi vingine huuliza maswali vinaposakinishwa. Kwa mfano: uko bara gani? Kibodi yako ni ya aina gani? Maswali hayo husimamiwa na programu iitwayo `debconf`. Majibu yako huhifadhiwa katika kabrasha `/var/cache/debconf`, na kifurushi huyatumia kuandika faili za usanidi, ambazo nyingi ziko ndani ya kabrasha `/etc`.

Ukiandika `dpkg-reconfigure` na jina la kifurushi, mambo manne hutokea kwa mfuatano:

1. Mfumo hukagua kama wewe ni mtumiaji mkuu. Kama siyo, hukataa.
2. Mfumo hukagua kama kifurushi kimekwisha kusakinishwa. Kama bado, hukataa.
3. `debconf` huuliza maswali yaleyale tena, na majibu ya zamani yakiwa yameonyeshwa.
4. Kifurushi huandika upya usanidi wake kulingana na majibu mapya.

Muundo wa amri ni huu:

`sudo dpkg-reconfigure jina-la-kifurushi`

Neno `sudo` hukupa mamlaka ya mtumiaji mkuu kwa amri hiyo moja. Utaombwa nenosiri. Unapoliandika, mara nyingi hakuna herufi wala nyota itakayoonekana. Kibodi haijaharibika, andika mpaka mwisho, kisha bonyeza Enter.

Ukitaka kuona majibu yaliyohifadhiwa bila kubadili chochote, andika:

`sudo debconf-show tzdata`

Alama ya nyota mwanzoni mwa mstari huonyesha kwamba swali hilo lilikwisha kuulizwa.

Zipo nyongeza mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni `-f`, inayochagua sura ya maswali. Ukiandika `-f readline` maswali huja kama mistari ya kawaida ya maandishi, jambo linalosaidia pale skrini inaposhindwa kuchora menyu. Ya pili ni `-p`, inayochagua uzito wa maswali yatakayoulizwa. Uzito uko wa ngazi nne, kuanzia mdogo: `low`, `medium`, `high` na `critical`. Usipotaja ngazi, `dpkg-reconfigure` huuliza maswali yote, hata ya uzito mdogo.

Angalizo: si kila kifurushi kina maswali. Ukitoa amri na kompyuta ikarudi kimya bila kuuliza kitu, huenda kifurushi hicho hakina la kuuliza.

5. Mfano wa kwanza: ukanda wa saa

Katika somo hili nimeandika saa za kompyuta kwa tarakimu nne, kama 10:15. Saa za Kiswahili nimezitanguliza neno *saa*: saa 4:15 asubuhi. Hizo mbili ni wakati uleule.

*5.1 Kompyuta hutunza saa gani?*

Ndani ya kompyuta ya Linux zipo hatua mbili. Kwanza, mfumo hutunza wakati wa dunia, unaofupishwa UTC. Pili, unapotaka kuona saa, mfumo huchukua UTC na kuongeza au kupunguza kulingana na ukanda wa saa uliochagua. Tanzania iko mbele ya UTC kwa masaa 3. Kwa hiyo UTC ikiwa 07:15, saa ya Tanzania ni 10:15, yaani saa 4:15 asubuhi.

Faili unayohifadhi hupigwa muhuri wa wakati. Katika diski ya Linux muhuri huo huhesabiwa kwa UTC. Saa unayoiona ni tafsiri tu ya muhuri huo. Pigia mstari sentensi hii.

*5.2 Mbona Mpanda haimo kwenye orodha?*

Swali hili huulizwa kila mwaka. Orodha ya kanda za saa hutaja miji michache, na kwa Tanzania nzima jina lililotumika ni `Africa/Dar_es_Salaam`. Mkazi wa Mpanda, Inyonga, Majimoto au Karema huchagua hilohilo, kwa kuwa nchi nzima ina ukanda mmoja.

Hapa Jiografia inakutana na Kompyuta. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45° Mashariki, kwa sababu 45 ÷ 15 = 3. Mpanda iko karibu na longitudo 31° Mashariki. Tofauti ni 14°, na kila digrii moja ni dakika 4:

14 × 4 = dakika 56

Maana yake ni kwamba kwa wastani jua hufika katikati ya mbingu ya Mpanda karibu saa 6:56 mchana kwa saa ya ukutani. Kompyuta haifuati jua la Mpanda. Inafuata saa ya nchi.

Ukitaka kuona umuhimu wa kuchagua mji sahihi, nenda Karema, bandari ya mkoa wetu kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashariki ya Kongo iko mbele ya UTC kwa masaa 2, na jina lake kwenye orodha ni `Africa/Lubumbashi`. Karema ikiwa 08:00, Kalemie ni 07:00. Karani wa mizigo aliyechagua Lubumbashi huku ameketi Karema atachelewesha kila hati kwa saa nzima.

*5.3 Hatua za kurekebisha*

Hatua ya 1. Tazama hali ilivyo:

`date`
`date -u`

Amri ya kwanza huonyesha saa ya ukanda uliochaguliwa, ya pili huonyesha UTC. Tofauti kati yake iwe masaa 3. Zikionyesha saa ileile, kompyuta yako imepangwa kwenye UTC.

Hatua ya 2. Andika:

`sudo dpkg-reconfigure tzdata`

Hatua ya 3. Menyu ya maeneo itafunguka. Tumia mishale ya kibodi kufika `Africa`, kisha Enter.

Hatua ya 4. Menyu ya miji itafunguka. Bonyeza herufi D kufika haraka, chagua `Dar_es_Salaam`, kisha Enter.

Hatua ya 5. Soma jibu la kompyuta. Litafanana na hili:

`Current default time zone: 'Africa/Dar_es_Salaam'`
`Local time is now:      Mon Mar  4 10:15:22 EAT 2024.`
`Universal Time is now:  Mon Mar  4 07:15:22 UTC 2024.`

Herufi EAT ni ufupisho wa saa ya Afrika Mashariki. Toa: 10:15 − 07:15 = 3:00. Ukanda ni sahihi.

Hatua ya 6. Thibitisha kwa kutazama faili yenyewe ya usanidi:

`ls -l /etc/localtime`

Mstari utakaotokea uishie na `Africa/Dar_es_Salaam`.

Katika mifumo mingi ya sasa ipo pia amri ya `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Inafikia matokeo yaleyale bila kuuliza maswali.

6. Kurudi kwenye kisa

Sasa tuna zana za kutegua kitendawili chetu. Kompyuta A ilikuwa ya msaada. Ilifika ikiwa imepangwa kwenye UTC. Mtu alipoiwasha asubuhi aliona 07:15 badala ya 10:15. Badala ya kurekebisha ukanda, aliisogeza saa kwa mkono:

`sudo date -s "10:15"`

Skrini ikaonyesha 10:15 na kila mtu akaridhika. Lakini kwa kuwa ukanda ulibaki UTC, kompyuta ile sasa iliamini kwamba UTC ni 10:15, wakati UTC ya kweli ilikuwa 07:15. Imekimbia mbele masaa 3. Tazama faili zetu mbili:

| | Kompyuta A | Kompyuta B |
|---|---|---|
| Ukanda uliochaguliwa | UTC | Africa/Dar_es_Salaam |
| Saa kwenye skrini faili ilipohifadhiwa | 10:15 | 11:30 |
| Muhuri wa UTC kwenye faili | 10:15 | 08:30 |
| Saa inayoonekana kwenye kompyuta kuu | 13:15 | 11:30 |
| Alama iliyoandikwa | 17 | 71 |

Tulikuwa tukituma faili kwa amri hii:

`rsync -au alama/ kuu:/srv/alama/`

Herufi `a` hutunza muhuri wa faili ulivyo. Herufi `u` husema: kama upande wa pili tayari una faili mpya zaidi, iache. Kompyuta kuu ilitazama faili ya A ikaona 13:15. Ikatazama faili ya B ikaona 11:30. Kwa macho yake, faili yenye 17 ndiyo mpya, na faili yenye 71 ni ya zamani. Ikaikataa ile yenye ukweli, kimya kimya, kama ilivyoamriwa.

Hakuna kompyuta iliyovunja amri. Aliyevunja utaratibu ni mtu aliyesahihisha *saa inayoonekana* na kuacha *usanidi* ukiwa na kosa. Ni kama mgonjwa wa malaria kunywa dawa ya kutuliza maumivu peke yake. Kichwa kitapoa, vimelea vitabaki.

*Marekebisho sahihi yalikuwa haya, kwa mfuatano:*

1. Kwenye kompyuta A, rekebisha ukanda: `sudo dpkg-reconfigure tzdata`.
2. Usishtuke ukiona saa inaruka mbele masaa 3. Kosa lililokuwa limefichwa ndilo linajitokeza.
3. Sasa sahihisha saa yenyewe kwa kuandika tarehe na saa ya kweli, mfano: `sudo date -s "2024-03-04 12:40"`.
4. Hifadhi saa hiyo kwenye saa ya ndani ya mashine: `sudo hwclock --systohc`.
5. Tuma faili ya B bila herufi `u`, mara moja tu: `rsync -a alama/ kuu:/srv/alama/`.
6. Fungua faili kwenye kompyuta kuu uisome kwa macho yako kabla ya kuchapisha.

Kijana yule alirudishiwa 71 yake, na ubaoni tulibandika orodha mpya. Tangu hapo, kompyuta yoyote mpya ikiingia maabara, kazi ya kwanza ni `date` na `date -u`.

Jambo moja la kutofautisha: umeme ukikatika na kompyuta ikawaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, tatizo si ukanda. Mara nyingi ni betri ndogo bapa iliyo kwenye ubao mkuu, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Betri iliyokwisha hubadilishwa. Amri ya `dpkg-reconfigure` haiwezi kuichaji.

7. Mifano mingine miwili

*7.1 Kibodi*

Dalili: unabonyeza Shift na 2 upate alama ya @, inatokea alama ya kufungulia usemi ("). Kibodi haijafa. Mfumo umepangwa kwa mpangilio wa Uingereza, huku kibodi iliyo mezani ikiwa ya mpangilio wa Marekani. Katika mipangilio hiyo miwili alama hizo mbili zimebadilishana mahali.

`sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`

Chagua aina ya kibodi, kisha mpangilio wa Marekani. Maliza maswali na uwashe kompyuta upya ili mabadiliko yaanze kazi kila mahali. Kosa hili huwatesa wengi kwenye nenosiri, kwa kuwa herufi hazionekani zikiandikwa. Mtu hudhani amesahau nenosiri lake.

*7.2 Lugha na desturi za mahali*

`sudo dpkg-reconfigure locales`

Katika orodha ndefu weka alama kwenye `sw_TZ UTF-8` kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, kisha endelea. Herufi `sw` ni Kiswahili, `TZ` ni Tanzania. Kipo pia `sw_KE` kwa Kenya. Jaribu:

`LC_TIME=sw_TZ date +%A`

Kama leo ni siku ya kwanza ya masomo ya wiki, kompyuta itakujibu `Jumatatu`.

Kiswahili hakikufika kwenye kompyuta kwa bahati. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu huria huruhusu kazi kama hiyo kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili.

8. Usichanganye na amri hii

Mtahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuzichanganya amri mbili zinazofanana majina.

| | `dpkg-reconfigure` | `dpkg --configure -a` |
|---|---|---|
| Hutumika lini? | Kifurushi kimesakinishwa na kusanidiwa, ila majibu yanahitaji kubadilishwa | Usakinishaji ulikatika njiani, usanidi haukumalizika |
| Hutaja kifurushi? | Ndiyo | Hapana. `-a` ni vifurushi vyote vilivyosubiri |
| Kazi yake | Kuuliza upya | Kumalizia |

Mfano: unasakinisha programu, umeme unakatika katikati ya kazi. Ukiwasha kompyuta na kujaribu kusakinisha kitu kingine, utaambiwa `dpkg` ilikatizwa na kwamba uandike `sudo dpkg --configure -a`. Andika hivyo, usubiri amalizie alipoishia.

Ili kujua kifurushi kiko hatua gani, andika `dpkg -l` na jina lake. Tazama herufi mbili za mwanzo wa mstari:

- `ii` — kimesakinishwa na kusanidiwa;
- `iU` — kimefunguliwa, bado hakijasanidiwa;
- `iF` — usanidi ulianza, haukukamilika;
- `rc` — kimeondolewa, faili zake za usanidi zimebaki.

Ukiona `ii` na tabia bado siyo unayoitaka, hapo ndipo mahali pa `dpkg-reconfigure`.

9. Makosa ya kawaida

1. Kusahau `sudo`. Amri itakataa.
2. Kuandika jina la programu badala ya jina la kifurushi. Saa haiko kwenye kifurushi kiitwacho `clock`; iko kwenye `tzdata`.
3. Kuacha nafasi ndani ya `dpkg-reconfigure`. Ni neno moja lenye kistari.
4. Kuondoa programu na kuisakinisha upya ili kubadili jibu moja. Ni kazi ya bure, na kama bando ni dogo ni gharama.
5. Kumaliza bila kuthibitisha. Kila badiliko lifuatiwe na amri ya kulikagua.

10. Maswali ya marudio

1. Taja tofauti mbili kati ya kusakinisha na kusanidi.
2. Mwanafunzi ameandika `dpkg-reconfigure tzdata` na amri imekataa, ingawa kifurushi kipo. Eleza sababu na urekebishe amri.
3. Kompyuta inaonyesha `date` 14:20 na `date -u` 14:20. Saa ya kweli ya Mpanda ni 14:20. (a) Je, ukanda ni sahihi? (b) UTC ya kweli ni ngapi? (c) Eleza hatua mbili za kurekebisha kwa mfuatano sahihi.
4. Boti imeondoka Karema 09:30 kwa saa ya Tanzania. Tuchukulie imesafiri masaa 8. Itafika Kalemie saa ngapi kwa saa ya huko?
5. Chagua amri sahihi kwa kila hali: (a) umeme ulikatika usakinishaji ukiendelea, (b) alama ya @ imehama, (c) unataka majina ya siku kwa Kiswahili.
6. Dar es Salaam iko karibu na longitudo 39° Mashariki. Kokotoa tofauti kati ya saa ya jua ya Dar es Salaam na saa ya Afrika Mashariki. Kisha eleza kwa nini Mpanda na Dar es Salaam hutumia jina moja la ukanda.
7. "Saa kwenye skrini ilikuwa sahihi, kwa hiyo kompyuta A haikuwa na kosa." Jadili kauli hii ukitumia kisa cha sehemu ya 1.

Majibu kwa muhtasari

1. Kusakinisha huweka faili za programu. Kusanidi huamua programu ifanye kazi vipi. Kusakinisha hufanyika mara moja kwa kawaida. Kusanidi kunaweza kurudiwa bila kusakinisha upya.

2. Hakutumia mamlaka ya mtumiaji mkuu. Sahihi: `sudo dpkg-reconfigure tzdata`.

3. (a) Hapana, kwa sababu tofauti ya saa hizo mbili ni sifuri badala ya 3. (b) 14:20 − 3:00 = 11:20. (c) Kwanza rekebisha ukanda kwa `dpkg-reconfigure tzdata`. Kisha sahihisha saa kwa `date -s`, kwa kuwa saa ilikuwa imesogezwa kwa mkono.

4. 09:30 + 8:00 = 17:30 kwa saa ya Tanzania. Kalemie iko nyuma kwa saa moja: 16:30, yaani saa 10:30 jioni.

5. (a) `sudo dpkg --configure -a`; (b) `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`; (c) `sudo dpkg-reconfigure locales`.

6. 45 − 39 = 6; 6 × 4 = dakika 24. Miji yote miwili hutumia jina moja kwa sababu ukanda wa saa huwekwa kwa nchi nzima, haufuati jua la kila mji.

7. Kauli si sahihi. Skrini ilionyesha saa sahihi, lakini ukanda ulikuwa UTC na saa ya ndani ilikuwa mbele kwa masaa 3. Muhuri wa faili ulibeba kosa hilo hadi kompyuta kuu, faili ya zamani ikahesabiwa mpya, na marekebisho ya alama yakakataliwa. Mtahiniwa aonyeshe hesabu: 10:15 + 3:00 = 13:15, ambayo ni baada ya 11:30.

Katika swali la 7 wengi huandika tu kwamba "saa ilikuwa mbovu". Jibu hilo halitoshi. Msahihishaji anataka kuona umeonyesha kosa lilianzia wapi, lilipitia wapi, na lilimfikia nani. Mwishoni mwa njia hiyo alisimama mwanafunzi mwenzako, na 71 yake mkononi.